Mzee akiteseka ndani ya nyumba ya wazee, tumuulize nani?

Wandugu wa Lubumbashi, tujadili hili bila matusi.

Jumapili nilienda kumsalimu baba mkubwa katika nyumba ya wazee. Jina la nyumba silitaji, na masista wanaoiendesha sina ugomvi nao. Bila wao wale wazee wangelala barabarani. Nilimkuta juu ya godoro jipya, nailoni haijatolewa, kila akijigeuza linapiga kelele kama mfuko wa sokoni. Nikashukuru Mungu. Akanicheka: "Usilizoee. Jana wakubwa walikuja na kamera. Tumeambiwa tusitoe nailoni, haijajulikana kama litabaki." Unga nao ulipigwa picha, mifuko mitano. Hakuna aliyeuliza mwezi huu wamekufa wangapi, dawa za presha anazishika nani, wala usiku nani analala na wazee.

Katiba yetu ya Congo ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi, kwa mahitaji ya mwili, akili na moyo wake. Ulinzi, si unga. Mimi naelewa hivi: mtu wa serikali aje bila kupiga simu, afungue daftari, ahesabu vitanda, aongee na mzee mlango ukiwa umefungwa, halafu aweke jina lake na sahihi chini ya alichokiona. Siku mambo yakiharibika tujue nani alipita na akanyamaza. Mtaniambia pesa hakuna. Daftari ni bei gani?

Mwana Katuba:
Yaya, mkubwa wangu, samahani, lakini tuanzie kwako. Baba mkubwa anafanya nini kule? Sheria ya Familia ya 1987 inawabebesha watoto mzigo wa kuwalisha wazazi wasiojiweza. Tukimwachia Leta, yaani serikali, wazee wetu, atawatunza kama anavyotunza barabara. Unataka wawe na mashimo?

Mwenye mada:
Umenichoma, na sehemu una haki. Watoto wake wawili wako Kolwezi wanahangaika na machimbo, wa tatu hatujui aliko. Mimi nimepanga chumba kimoja, tuko sita. Lakini mtoto ukimpeleka shule, mkaguzi wa shule hakuulizi kwa nini humfundishi nyumbani. Anakagua shule. Kosa la familia lisiwe pazia la kufichia kosa la serikali.

Mama Muuguzi:
Mkaguzi wa kushtukiza mnamtaka? Mimi nimewaona, miaka 19 kazini. Anaingia, anakuta choo kimoja kwa watu thelathini, anataja amri ya kufunga. Mkuu wa nyumba anatoa "pesa ya usafiri", amri inarudi mfukoni. Pesa hiyo imetoka wapi? Kwenye sombe, mboga ya wazee. Na akiwa mwaminifu akafunga kweli, jioni ile wanalala wapi? Kabla ya kumpa mtu nguvu ya kufunga, mwambieni atawapeleka wapi.

Mstaafu:
Watoto wangu, mnabishana juu ya wazee wachache. Zamani tuliimba Gécamines, kampuni ya serikali ya machimbo ya shaba, njo baba, njo mama: nyumba, hospitali, shule, posho ya unga. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango wa "kuondoka kwa hiari", kwa pesa ya Benki ya Dunia. Walikuwa wenye miaka 25 ya kazi na kuendelea. Pigeni hesabu: mdogo wao leo anakaribia 70 kama hajavuka. Wengi watoto wao hawana kazi. Hizo nyumba zenu zitawatosha?

Mwenye mada:
Mzee, asante, hilo sikuwa nimelipiga hesabu.

Mama, hoja yako ni nzito kuliko yangu ya mwanzo, kwa hiyo naibadilisha. Mkaguzi asije peke yake: aje na daktari, mtu wa kartie, yaani wa mtaa, na ndugu wa mzee mmojawapo. Ripoti ibandikwe getini siku ileile, kila mpita njia aisome. Amri ya kufunga isitolewe bila kuandika wazee wanahamia wapi. Karatasi ya getini haiingii mfukoni.

Na msiniambie kifungu cha 49 ni maneno tu. Kifungu cha 43, shule ya msingi bure, kilikaa kwenye katiba hiyohiyo tangu 2006, kikaanza kutekelezwa 2019. Miaka 13. Baba mkubwa ana 76.

Mwana Katuba:
Mimi bado nasema familia kwanza. Jumapili unaenda saa ngapi?

Mama Muuguzi:
Kubandika getini nakubali. Ila daktari atalipwa na nani? Hapo umeruka.