Bosi wa boti kanidhalilisha mbele za watu, kisa nimechora kwa Penpot!

Wakuu, natoka kwake sasa hivi, mikono inatetemeka. Jina simtaji. Wa Kigoma mnamjua, yule wa Mwanga anayeongea na simu mbili kwa mpigo.

Alitaka programu ya kukatia tiketi za boti. Nikamchorea skrini zote kwenye Penpot, programu ya kuchorea mwonekano wa app, na kuziunganisha: ukibonyeza Kagunga zinakuja saa za kuondoka, ukiendelea unaandika idadi ya magunia, kisha unalipa kwa simu. Akabonyeza mwenyewe, akafurahi. Halafu, mbele ya wabeba mizigo na mama ntilie, akauliza programu niliyochorea nimeinunua bei gani. Nikamwambia hainunuliwi, ni ya chanzo huria.

"Kumbe cha bure! Basi na mimi nakulipa bure."

NAKULIPA BURE! Kwa sauti iliyofika Kalemie, ng'ambo ya ziwa! Watu wakacheka mpaka gunia likaanguka. Yaani ukilima kwa jembe la kuazima, mahindi nayo ni ya kugawa? Nakulipa bure, huku kidole chake bado kiko kwenye skrini yangu! Mtu mzima!

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu. Huyo namjua, hata aliyempakia rangi boti bado anamdai.

Mwanamwanga: Advansi ulichukua? Kama hukuchukua, lia taratibu tulale.

Fundi Skrini: Mkuu, Penpot ina leseni ya chanzo huria iitwayo MPL 2.0, kazi ya biashara ruksa, na ukitaka unaiweka kwenye seva yako. Mwambie mwaka 2022 kampuni ya Adobe walitangaza kuinunua Figma, zana nyingine ya kuchorea kama hii, kwa dola bilioni 20, wakaja kuachana na mpango huo 2023. Muda wote huo wachoraji roho juu, kwa sababu zana ni ya kampuni moja.

Mleta uzi: Leseni tuiache kwanza mkuu. Kasema NAKULIPA BURE. Mama ntilie kasikia!

Mwanamwanga: Mama ntilie ndiye anayekuuma, siyo hela. Tumekuelewa.

Mzee wa Ujiji: Vijana mnapenda vya mtandaoni. Mimi nachora kwa Pencil, programu nyingine ya kuchorea, iko kwenye kompyuta, bando haligusi.

Binti Kasulu: Bando usinikumbushe mzee wangu! Nimeweka la wiki, halijamaliza hata siku mbili, na hakuna nilichofungua.

Mnyamwezi Halisi: Afadhali nyie. Huku Tabora umeme umekatika tangu asubuhi, naandika na chaji ya kuombea.

Mgebuka Mkavu: Tabora mnalalamika nini, asali mnayo. Sisi migebuka, samaki wetu wenyewe wa ziwani, tunaisikia harufu tu, yote inapanda treni.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Binti Kasulu: Mgebuka, leo Kibirizi fungu bei gani?

Mgebuka Mkavu: Usiulize dada. Njoo na hela ya kiwanja.