Naomba ushauri: mashine ya kufulia imezeeka, niitengeneze au ninunue nyingine? (Lubumbashi)

Mama wa Kampemba
Jambo yenu, ndugu zangu. Nina mashine ya kufulia ya kilo 7, ile ya mlango wa mbele, ambayo umri wake umepita miaka 10. Tangu kiangazi kianze imekuwa ikinguruma inapofika hatua ya kukamua, na ngurumo huzidi kadiri ngoma inavyoongeza kasi, hata majirani wa upande wa pili wa ukuta wameanza kuniuliza kuna nini. Nguo zinatakata na zinakamuka vizuri. Tatizo ni hiyo kelele. Fundi mmoja anataka dola 90 aitengeneze, na mpya za ukubwa huo naziona dukani kwa dola 450. Je, inafaa kutia pesa katika mashine ya umri huo? Naomba mnijibu mapema, kwa sababu sina muda mrefu wa kuamua.

Mtoto wa Katuba
Mama, hiyo imeshakuwa ndege, ipelekeni uwanja wa ndege wa Luano ikatafutiwe rubani! Samahani kwa utani. Kaka yangu alikuwa na kelele kama hiyo, akaivumilia, na mwishowe ngoma ilikwaruza tangi la nje mpaka likatoboka. Msiivumilie.

Mwalimu Mstaafu
Mama zetu walifua kwa beseni na sabuni ya kipande, na mashati yao yalidumu miaka mingi. Leo tunajaza vyombo vya umeme katika nyumba ambazo umeme wenyewe ni wa mgao, kisha tunakosa usingizi kwa ajili yavyo. Binti yangu, dola 90 ni ada ya shule ya mtoto. Fikiri kwanza kama mashine yenyewe ni ya lazima.

Yaya wa Bel-Air
Mimi ningeanza na umeme. Yangu haikufa kwa uzee: umeme ulikatika katikati ya kufua, uliporudi ulirudi na nguvu nyingi mno, na kadi ya elektroniki ikaungua mle ndani hadi chumba kikanuka plastiki. Bei ya kadi ilikaribia bei ya mashine nyingine. Tangu hapo nina kidhibiti cha umeme, na umeme ukikatika nachomoa waya, nasubiri utulie, ndipo narudisha. Mama, unacho kidhibiti?

Fundi wa Njanja
Ngurumo inayopanda pamoja na kasi, huku mashine ikiendelea kufua vizuri, kwa kawaida ni beringi za ngoma, zile pete za chuma ambazo mhimili wake huzungukia. Mpira unaozuia maji nyuma ya ngoma huchakaa, maji ya sabuni hupenya, grisi husafishwa na chuma hula kutu. Beringi zenyewe si ghali. Kinachogharimu ni kazi, maana mashine nzima hufunguliwa. Lakini siwezi kukushauri kabla ya kujua mambo mawili: kwa wiki unafua mara ngapi, na kwa nini unasema huna muda?

Mama wa Kampemba
Asante, fundi. Kidhibiti ninacho. Tunafua kama familia yoyote, sioni kama hesabu hiyo inabadilisha jambo. Ninachouliza ni kama mashine ya zamani inastahili kutengenezwa.

Fundi wa Njanja
Inabadilisha kila kitu, mama. Mashine ya nyumbani imeundwa kwa mizigo michache kwa wiki. Nijibu tafadhali.

Mama wa Kampemba
Basi niseme. Ninafua mashuka na taulo za nyumba ya wageni iliyo karibu nasi, mizigo minne au mitano kila siku yenye umeme. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Na ninasema sina muda kwa sababu nimeshalipa dola 100 za kutanguliza kwa mashine nyingine iliyotumika, ambayo mchuuzi mmoja aliipokea kutoka Ulaya kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zilizobaki 180 zinatakiwa mwisho wa mwezi. Pesa hiyo ni zamu yangu ya likelemba, ule mchango tunaopokezana, sikumkopa mtu. Mchuuzi ni mtu wa heshima, mashine yake inang'aa, na sioni kwa nini nisimwamini.

Mchuuzi wa Mzee Kabila
Kung'aa kwa nje hakusemi lolote, na ninauza vitu hivyo mwenyewe. Umeiona ikijaa maji na kukamua kwa kasi yake ya juu? Kuzungusha ngoma tupu mbele ya mteja kila mtu anaweza. Kabla ya kumalizia 180, mwambie aiunganishe na maji uisikilize mpaka mwisho.

Msomaji Mkimya
Niruhusuni niseme ninachokiona. Mtu anaanza na "familia yoyote", kisha inatokea nyumba ya wageni, kisha likelemba, kisha mchuuzi wa heshima. Anafua mizigo mitano kwa siku katika mji ambao mabomba yetu hukauka mchana kutwa. Mashine ya aina hiyo hujazwa na vali inayohitaji msukumo wa maji, na tangi lililo juu ya kibanda cha mita 3 linatoa takribani bari 0.3 tu, ambazo kwa vali nyingi hazitoshi au zinatosha kwa shida. Mimi nadhani kisa hiki kimetungwa ili mashine ya mchuuzi fulani ipate wateja.

Mtoto wa Katuba
Hata mimi nimeanza kushuku. Mama, jina la mchuuzi hukulitaja. Linakuja katika ujumbe unaofuata?

Mama wa Kampemba
Silitaji na sitalitaja. Kati ya tangi na mashine nina pampu ndogo, aliyoifunga mdogo wangu, kwa sababu bila hiyo mashine ilikuwa ikisubiri maji mpaka inasimama na kuonyesha kosa. Sikuisema mwanzoni kwa kuwa haina ubovu. Nyumba ya wageni sikuitaja kwa kuwa wateja wangu nao wanasoma hapa, na sitaki wasikie kwamba mashine yangu inakufa. Mtu anayeona nimetunga aniulize lolote.

Fundi wa Njanja
Tuache kubishana, mashine yenyewe ijibu. Chomoa waya. Fungua mlango, shika ukingo wa ngoma kwa ndani, uinue juu na uushushe. Kisha toa kifuniko cha nyuma, umulike taa katikati ya tangi, pale mhimili unapotokea. Mwisho utazame mahali nusu mbili za tangi zinapokutana: zimefungwa kwa skrubu, au zimeunganishwa kwa moto?

Mama wa Kampemba
Nimefanya hayo yote pamoja na mdogo wangu. Ngoma inapanda na kushuka peke yake, tangi likiwa limetulia, na inatoa mlio mdogo wa chuma. Nyuma, kuanzia katikati ya tangi, kuna mstari wa kahawia unaoteremka, umechanganyika na grisi nyeusi, umepita kando ya mota na kukauka sakafuni. Nilidhani ni uchafu wa zamani. Skrubu zipo kuzunguka tangi lote. Mdogo wangu amezigusa moja moja. Jambo jingine tuliloliona ni hita: imevaa ganda jeupe nene, sawasawa na lile la chini ya birika langu.

Msomaji Mkimya
Mstari huo wa kutu mtu hautungi. Naondoa neno langu, mama, na ninaomba radhi.

Fundi wa Njanja
Basi beringi zimekufa na mashine inafunguka. Tangi lingekuwa la kuunganishwa kwa moto ningekwambia uiache. Huyo wa dola 90 abadilishe beringi zote mbili pamoja na mpira kwa mara moja, asibadilishe moja. Muhimu kuliko vyote, awe na wewe anapotoa ngoma: pitisha ukucha juu ya mhimili, mahali mpira unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, beringi mpya hazitadumu, kwani maji yatapita tena palepale. Tazama pia mkono wa alumini wenye matawi matatu unaoshika ngoma, maana sabuni huula taratibu hadi unavunjika. Ganda la hita ni chokaa ya maji yetu. Litoe kwa asidi ya limau, la sivyo hata mashine ya pili italivaa.

Mama wa Kampemba
Na dola zangu 100? Mchuuzi hazirudishi, nimeshamuuliza. Kwa hiyo bado naona afadhali nichukue yake, nyumba ya wageni haiwezi kusubiri.

Yaya wa Bel-Air
Kwa mizigo mitano kwa siku unahitaji mbili, mdogo wangu. Moja ikifunguliwa, nyingine ifanye kazi.

Mchuuzi wa Mzee Kabila
Yaya amesema vema, ila kwa sharti langu: bila kuiona ikikamua na maji, usitoe 180.

Mama wa Kampemba
Fundi atakuja Jumamosi, tutautazama mhimili kwanza. Ukiwa mzima nitatengeneza hii, kisha nitamtaka mchuuzi aijaribu yake kwa maji mbele yangu. Akikataa, nitadai anipe kitu kingine cha thamani ya dola 100. Mhimili ukiwa na mfereji, sina njia ila ya kwake. Beringi nizitafute wapi hapa mjini?

Fundi wa Njanja
Usinunue kabla hazijatoka. Ubavuni mwa kila beringi pameandikwa namba, mara nyingi 6204, 6205 au 6206, na mbili za mashine moja huwa hazilingani. Zibebe zote mbili kwa wauza vipuri vya magari. Namba ikiwa ileile, itaingia. Mpira uende nao pia wakaupime, kwa sababu huo ndio utakaokusumbua kuupata.