Macho yanatiririka machozi, halafu naambiwa ni makavu. Nani mwingine ana shida hii?

FundiCherehani_Arua

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda, nina miaka 53. Tangu kiangazi kianze macho yananichoma kama yametiwa majivu. Asubuhi yana afadhali, lakini ikifika saa kumi jioni nikitunga uzi, tundu la sindano linapotea. Napepesa, linarudi, linapotea tena. Nikitoka nje upepo wa vumbi ukinipiga, machozi yanamwagika mpaka yanadondokea kitambaa cha mteja. Daktari alinipachika kikaratasi chembamba kwenye ukope wa chini, tukasubiri dakika 5, akasema macho ni makavu. Makavu vipi na machozi yote haya?

Wanawake wa rika langu hapa sokoni wanalalamika hivyohivyo, ila mwanangu wa kiume hana neno. Je, ni ugonjwa wa wanawake? Wa umri? Au ni kazi? Kila duka la dawa linanipa kichupa tofauti, nataka kuelewa kabla sijanunua.

BodaWaKoboko

Pole sana mama. Wanaume pia tunaumwa. Mimi ni wa boda, na njia za ndani ambako lami haijafika ndizo zinaniua macho. Tangu nianze kushusha kioo cha helmeti hata jua likiwa kali, nalala bila kujikuna.

AfisaMacho_Gulu

Mama, umefanya vizuri kuuliza kwanza. Mimi ni afisa kliniki wa macho, na swali lako naletewa kila wiki.

Machozi si maji matupu. Jicho limefunikwa na utando mwembamba: kuna ute unaoshikilia, kuna maji, na juu kabisa kuna mafuta yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hayo yanatoka kwenye vitezi vilivyojipanga kwenye kingo za kope. Vikiziba, maji yanakauka kabla hujapepesa. Jicho likichomwa linamwaga machozi mengi ya dharura, lakini hayakai. Yanaishia shavuni, na jicho linabaki kavu.

Kuhusu wingi wa wenye macho makavu: ripoti ya wataalamu wa kimataifa ya 2017 ilikuta kati ya watu 5 na 50 katika kila 100, kutegemea mahali na namna ya kupima. Pengo ni kubwa kwa sababu dalili na vipimo havilingani. Napokea mtu anayelia kwa maumivu na kikaratasi chake kimelowa vizuri. Mwingine kikaratasi kikavu, naye hasikii kitu.

Wanawake huathirika zaidi, hasa hedhi ikishakoma, na umri huongeza. Kisukari, tezi ya shingo na baridi yabisi pia vimo. Kama na mdomo unakauka hadi chapati haimezeki bila maji, na viungo vinauma, mwambie daktari waziwazi, kwa maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa mwili mzima. Waliougua trakoma, yale maambukizi ya macho, utotoni, hasa Karamoja na Busoga, wanaweza kubaki na makovu ndani ya kope yanayoharibu machozi. Na mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri giza likiingia apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda amepungukiwa vitamini A.

Kazi yako inachangia. Anayekodolea sindano hupepesa mara chache mno.

Karani_Kampala

Mimi nina miaka 26 tu na yananikuta! Kompyuta kutwa nzima, feni inanipulizia usoni, na huwa navaa lenzi. Nimehamisha feni na nimerudia miwani, sasa nafika jioni bila kuchomwa.

FundiCherehani_Arua

Asanteni sana. Afisa, kuna vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi, nameza vumbi likizidi. Vinahusika?

AfisaMacho_Gulu

Ndiyo mama, vinapunguza machozi. Mweleze daktari wako akupe njia nyingine. Baadhi ya dawa za sonona na za chunusi kali hufanya vivyo hivyo, lakini mtu asiache dawa aliyoandikiwa bila kuuliza.

Dukani omba machozi ya bandia. Ukisoma deksamethasoni au prednisoloni kwenye kichupa, kirudishe: dawa hizo zikitumiwa bila kupimwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Wanaokuuzia kwa sababu jicho linatulia haraka wanakuumiza, na hili linanisikitisha sana.

Jioni chovya kitambaa safi katika maji ya moto unayoweza kuvumilia mkononi, funga macho, kiweke juu ya kope dakika 5 hadi 10 huku ukikichovya tena kinapopoa. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye kingo zake, mafuta yatoke. Fanya kila siku. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Jicho likiwa jekundu na kuuma sana, likiogopa mwanga, au uoni ukishuka ghafla, acha kitambaa uende hospitali.