Naomba ushauri: kilomita 5 za kwanza baada ya kuteguka mguu

Habari zenu wakuu. Nimejiandikisha kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mbio zangu za kwanza kabisa, na zimebaki wiki 4. Nilishafika kilomita 4 bila kusimama, ndipo nikategua kifundo cha mguu wa kulia kwenye shimo barabarani. Daktari alisema mfupa ni mzima. Nimepumzika wiki 3 kwa barafu na bandeji, uvimbe umeisha.

Juzi nilijaribu kukimbia dakika 2 na kutembea 1, mara 6. Sikuumia, ila asubuhi kifundo kilikuwa kimekaza hadi nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Natamani mno kumaliza hizi mbio.

Je, huko kukaza ni kawaida au nisubiri kwanza? Na nikiendelea, nikimbie siku ngapi kwa wiki?