Tupeane uzoefu: kuishi katika mji ambao wageni wanaujua kwa jambo moja

Mwalimu wa Mwanga (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote mlio Kigoma, Ujiji na kwingineko. Wiki iliyopita mpwa wangu anayeishi Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, alinipigia simu saa nne usiku wa huku, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya asubuhi kazini kwake. Watoto wa nyumbani wakaipokonya simu wakamuuliza swali moja tu: leo umepanda nini huko kwenye bustani za burudani? Alinyamaza kidogo, kisha akawaambia kwamba hakupanda chochote, bali alitandika vitanda vya vyumba kumi na sita.

Tangu usiku ule ninawaza jinsi mji mzima, wenye misiba, harusi na madeni ya dukani, unavyoweza kufichwa nyuma ya jambo moja ambalo wageni wamelifuata. Nimeona kwamba nasi tumeishi hivyo kwa muda mrefu, kwa maana mgeni akishuka hapa mwisho wa reli ya kati huuliza sokwe wa Gombe au mwembe wa Livingstone, na akishaviona huondoka akisema ameiona Kigoma. Naomba basi tupeane uzoefu: maisha ya kila siku katika mji wa namna hiyo yakoje, na wewe mwenyewe unautambua mji wako kwa lipi? Nimemwomba na mpwa wangu aandike.

Mjukuu wa Ujiji

Mwalimu, umegusa jambo ninalolibeba tangu utotoni. Nilikulia dakika chache kwa miguu kutoka kwenye jiwe la kumbukumbu linaloeleza kwamba Stanley, mwandishi wa habari, alimkuta mmisionari Livingstone chini ya mwembe tarehe 10 Novemba 1871. Nikiwa darasa la pili nilikwisha kujua namna ya kumwelekeza mgeni, na nilijua pia atakachouliza akifika: mwembe wenyewe ndio huu? Huelezwa kwamba ule wa kale ulikufa na kwamba iliyopo imetokana nao. Hupiga picha, hutaka kusikia maneno ya salamu aliyoyatamka Stanley, na kabla ya nusu saa kuisha amekwisha kuingia garini.

Sichukizwi na kuja kwao, kwa sababu kila ajaye huacha chochote kwa muuza maji na kwa kijana wa bodaboda. Kinachoniuma ni kwamba siku wale wawili walipopeana mikono, Ujiji ilikuwa tayari ni mji wenye soko na watu wa makabila mengi, ukiwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu pamoja na wanadamu waliofungwa minyororo, wengi wao wakitolewa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Kila alipopika sombe, yaani kisamvu, alitusimulia habari za watu wake, waliovuka kwa hiari na waliovushwa kwa nguvu, na alizisimulia taratibu, kwa majina, kama mtu anayehesabu fedha ya amana. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniuliza watu wale waliishia wapi, ilhali jibu liko mbele ya macho yake: wengi walibaki hapa, wakajenga, wakaoana na Waha, na mimi ninayemwonyesha njia ni mjukuu wao.

Mimi nikitaka mtu aijue Ujiji humpeleka ufukweni kwa mafundi wa maboti ya mbao, asubuhi, wakati nyundo zinaitikiana na fundi mkuu anapitisha kiganja kwenye ubavu wa boti ili asikie kwa mkono mahali ambapo mbao hazijakaa sawa. Hapo hakuna jiwe la kumbukumbu.

Nahodha wa Kibirizi

Boti yetu hutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo na njiani hupita mbele ya Gombe, mahali alipofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwezi Julai 1960 na palipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Katika boti moja hukaa mgeni mwenye kamera na mama mwenye ndoo za mawese, na wote wawili hutazama milima ileile. Mgeni huona makazi ya sokwe. Yule mama huona mahali ambapo boti ikifika ajue kwamba kijijini kwake si mbali tena, na kwamba lazima aanze kukusanya mizigo yake.

Goodall alipofariki mwezi Oktoba 2025 watu walinipigia simu kutoka Dar es Salaam kunipa pole kana kwamba nimefiwa nyumbani, na kwa kweli nilihuzunika, kwa kuwa jina lake limetulisha wengi huku. Hata hivyo, katika abiria wangu wa kila wiki ni wachache sana waliowahi kumwona sokwe kwa macho yao. Ningependa siku moja watoto wa vijiji hivi wawaone wanyama ambao dunia nzima huwauliza habari zao.

Mwana wa Tabora

Sisi wasafiri wanatujua kupitia dirisha la behewa, kwa sababu Tabora ndipo reli zinapoachana, moja ikielekea Mwanza na nyingine Kigoma. Treni husimama, watu hununua asali, na safari huendelea. Nimekutana na watu waliopita Tabora mara ishirini bila kuukanyaga mji wenyewe hata mara moja, na bado wananieleza ulivyo.

Mpwa wa Mwalimu, Orlando

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Ninaandika siku yangu ya mapumziko ili nisikatishe maneno.

Kwanza niwaondolee dhana moja watu wa nyumbani. Walt Disney World, yaani zile bustani za burudani mnazoziulizia, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, haimo ndani ya mji wa Orlando wenyewe. Iko upande wa kusini-magharibi, mwendo wa takribani kilomita 30 kutoka katikati ya mji, juu ya ardhi ya ekari zipatazo 27,000 ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilinunuliwa kimyakimya kwa majina ya makampuni mengine, ili wauzaji wasimjue mnunuzi wakapandisha bei. Kabla ya hapo eneo hili lilijulikana kwa machungwa na ng'ombe. Mpaka leo wilaya yetu inaitwa kwa jina la chungwa, ingawa baridi kali ya mwaka 1894 na 1895 iliangamiza michungwa, na baridi za miaka ya 1980 zikayasukuma mashamba mengi kuelekea kusini zaidi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa hapahapa, alinionyesha barabara ya maduka akaniambia kwamba alipokuwa mtoto harufu ya maua ya michungwa iliingia dirishani kwao usiku. Alifumba macho alipokuwa akisema, nami nilimwelewa vizuri, kwa maana mimi nikifumba macho hunijia harufu ya dagaa walioanikwa Katonga.

Mji una wakazi laki tatu na kidogo, lakini wageni wanaokuja huku kwa mwaka wamepita milioni 70, na uzito wa hesabu hiyo tunauona kila siku. Naamka saa kumi alfajiri na kubadilisha basi mara mbili ili nifike hotelini kabla zamu haijaanza. Wenzangu wengi wametoka Haiti na Puerto Rico, na tunafundishana majina ya vyakula vya kwetu tukikunja mashuka. Baadhi yao hupanga chumba cha moteli kwa wiki, huko Kissimmee, mji wa jirani, baba, mama na watoto pamoja, kwa sababu kodi ni kubwa na hawajaweza kukusanya fedha za kutanguliza ili wapewe nyumba. Tiketi ya siku moja katika bustani kubwa huzidi dola 100 kwa mtu mmoja, kwa hiyo nimeingia mara moja tu katika miaka sita, nikiwa na mwanangu, na siku ile tulifurahi sana. Sitaki mtu adhani kwamba ninaidharau kazi ya wale wanaowafurahisha watoto wa watu. Usiku fataki husikika kutoka upande ule, na watoto wa mtaani kwetu hawainui hata macho, kama watoto wa Kibirizi wasivyogeuka kutazama boti.

Orlando yangu mimi ni nyingine. Ni Ziwa Eola lililo katikati ya mji, lenye mabata maji meupe, ambako Jumapili huwa na gulio na watu husalimiana kwa majina. Ni mvua ya alasiri wakati wa kiangazi cha huku, inayokuja karibu kila siku kwa ngurumo kali. Wageni hukimbia huku na huko, sisi husimama chini ya paa tukingoja, kwa kuwa tunajua itapita. Tena ni Eatonville, mji mdogo ulio kaskazini yetu, ulioanzishwa mwaka 1887 na Wamarekani weusi ili wajitawale wenyewe, ambako mwandishi Zora Neale Hurston alikulia. Nilipelekwa huko na mama mmoja tunayefanya kazi pamoja. Alinionyesha kanisa lao na viwanja vya familia moja moja, akinieleza nani alijenga nini na nani aliuza kwa nani, na nikajikuta nalia, kwa sababu alisema kama bibi zetu wanavyosema.

Mwalimu wa Mwanga

Mpwa wangu, Mungu akutie nguvu. Wale watoto nimewasomea ulichoandika, na mdogo wao sasa anataka kujua kama mabata maji yanauma.

Mpwa wa Mwalimu, Orlando

Mjomba, mwambie yanauma hasa yakiwa na vifaranga, na asiyasogelee.

Mjukuu wa Ujiji

Dada wa Orlando, habari ya yule mama wa Eatonville anayejua nani alijenga nini imenikaa moyoni. Fundi mkuu niliyemtaja hapo juu ana daftari la kaunta ambamo marehemu baba yake aliandika jina la kila boti aliyoitengeneza, mwenye boti, na mahali ilipokwenda kufanya kazi: Kalemie, Bujumbura, Kasanga. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Jumamosi hii nakaa naye tuyanakili majina yaliyosalia, na yeyote mwenye babu aliyewahi kumiliki boti iliyojengwa Ujiji aniandikie jina la boti hiyo hapahapa, huenda likajaza pengo.

Nahodha wa Kibirizi

Ya babu yangu iliitwa Subira. Ilijengwa Ujiji, ikivua dagaa Katonga. Mwaka siujui, lakini mama anasema yeye alikuwa bado hajaanza shule.