Fedha, fizikia ya kwanta na kupandikiza figo kwenye tasnifu moja: kuna uhusiano au nalazimisha?

Mwanahesabu_Mchanga:
Wakuu habari za saa hizi, hili jambo linaninyima usingizi. Nimeanza PhD ya hesabu, masters nilifanya upande wa fedha, bei za opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo) na risiki, na kuna kozi moja ya fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, nilisoma ikanikaa kichwani mpaka leo. Sasa mwaka jana mtu wangu wa karibu akaanza kusafishwa damu, mdogo wake akajitolea figo, vipimo vikagoma, damu haziendani. Ndo nikaanza kusoma habari za wagonjwa kubadilishana watoaji, yaani wangu ampe wako na wako ampe wangu, nikakuta mule ndani kumejaa hesabu ninazozijua. Nikaandika proposo inayounganisha vyote vitatu. Msimamizi kaisoma akasema hizi ni tasnifu tatu, chagua moja. Mimi naona ni kitu kimoja. Msinihurumie, niambieni ukweli.

Kani_na_Mwendo:
Uhusiano upo mkuu, ila uzito wake haulingani. Fedha na fizikia ni ndugu wa siku nyingi. Louis Bachelier alitetea tasnifu yake Paris mwaka 1900 akieleza bei za soko zinavyotangatanga, miaka 5 kabla ya Einstein kuandika kuhusu chembe zinazotangatanga kwenye maji, na hesabu ni ile ile. Mlinganyo wa Black na Scholes wa 1973, ule wa kukadiria bei za opsheni, ukibadilisha vigeu vyake unageuka kuwa mlinganyo wa joto kusambaa, na ule wa Schrödinger, mlinganyo mkuu wa kwanta, nao ukiufanya muda kuwa namba ya kufikirika (ile yenye mzizi wa −1) unaangukia hapo hapo. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilishindwa kulala kwa furaha. Lakini haina maana kwamba bei za hisa ni kwanta, na haimpi mgonjwa figo, kwa hiyo kama proposo yako imesimama hapo msimamizi ana haki.

Kwanta inapogusa figo ni kwingine kabisa. Kila mzunguko wa kubadilishana unaupa namba, 1 ukichaguliwa, 0 ukiachwa, halafu kila mgonjwa anayepata figo anashusha jumla, mizunguko miwili ikigombea mgonjwa mmoja unaitoza faini inayoipandisha, kisha unatafuta mpangilio wenye jumla ndogo kuliko yote. Jumla hiyo kwenye fizikia ni nishati, na kutafuta nishati ndogo ndo kazi wanayojaribu kuipa kompyuta ya kwanta. Kuchagua hisa za kuweka kwenye kapu moja kunaweza kuandikwa hivyo hivyo. Sasa usije ukaandika kwamba kompyuta ya kwanta itatatua hili kwa haraka, maana hakuna aliyethibitisha hivyo kwa tatizo hili. Pima dhidi ya programu nzuri ya kompyuta ya kawaida, matokeo yoyote yatakayotoka uyaandike yalivyo.

Jozi_Tatu:
Naongezea hapo kwa Kani. Jozi ni mgonjwa na mtoaji wake. Ukiruhusu mizunguko ya jozi mbili tu kompyuta inamaliza haraka, njia ilipatikana 1965 na mwanahesabu Edmonds. Ukiruhusu jozi tatu ndo tatizo linakuwa gumu kweli kimahesabu, lakini 2007 watafiti wa kompyuta Abraham, Blum na Sandholm walionyesha programu ya kawaida inaweza kupanga hata wagonjwa 10,000. Kwa hiyo kasi sio kilio kikubwa. Kilio ni kwamba mipango inavunjika, na hapo ndo elimu yako ya risiki inapohitajika.

Tuseme kila kiungo cha mzunguko, yaani kila ahadi ya figo moja kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mgonjwa, kina nafasi p (kati ya 0 na 1) ya kushika mpaka siku ya opresheni, na kimoja kikivunjika wote wamekosa. Mzunguko wa jozi mbili unategemewa kutoa figo 2p², wa jozi tatu 3p³. Weka p iwe 0.7, wa watatu unatoa kama 1.03 na wa wawili 0.98. Shusha p mpaka 0.6, wa watatu unaanguka hadi 0.65 na wa wawili unabaki 0.72! Mpaka uko kwenye theluthi mbili, chini ya hapo mzunguko unaoonekana kuokoa watu wengi unaokoa wachache. Hii ni ile ile ya kununua bondi bila kuuliza kama mkopaji atalipa. Sandholm na wenzake waliandika juu ya hili 2013 ila bado kuna mengi, kwa mfano viungo havivunjiki kila kimoja kivyake. Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi, yaani damu yake inashambulia figo za watu wengi, mpango A ukimgomea, B na C navyo vina hatari kubwa ya kugoma, na wewe mtu wa fedha unajua vizuri hasara zikija kwa pamoja inakuwaje.

Sista_wa_Zamu:
Mimi sijui kwanta, mimi ni muuguzi, nimekaa na hizi familia miaka mingi. Hiyo p ya Jozi_Tatu naijua kwa sura za watu. Tunachukua seramu ya mgonjwa tunaikutanisha na seli nyeupe za mtoaji, seli zikishambuliwa jibu ni chanya, na chanya hapo maana yake HAIWEZEKANI. Sasa nyumbani watu wamezoea chanya ni kitu kizuri. Nimeshaona mama anamkumbatia mtoto wake kwa furaha baada ya kusikia hilo neno mlangoni, ikabidi nimkalishe chini nimweleze. Tangu siku hiyo naanza na "figo hii haimfai", mengine baadaye.

Na mjue kwa nini opresheni za mzunguko zinafanyika kwa pamoja, jozi tatu ni opresheni sita. Mume wa kwanza akiona mkewe ameshapata anaweza kughairi, na hakuna mkataba wa kumlazimisha mtu atolewe figo. Mwanangu msimamizi wako msikilize, ila hilo swali usiliache.

Mwanahesabu_Mchanga:
Sista asante sana, na wote. Hesabu ya theluthi mbili nimeirudia kwa mkono mara tatu kama mtoto wa shule, ni kweli kabisa. Nimeamua swali liwe moja, kupanga mizunguko pale viungo vinapovunjika kwa pamoja. Hesabu za risiki ndo zitakuwa chombo, kwanta itapata sura moja ya majaribio na nitaandika wazi kama imeshindwa. Bachelier naye anabaki kwenye utangulizi, aya moja, siwezi kumwacha. Shida ni hiyo p naitoa wapi? Kila mtu nimpe 0.7?

Sista_wa_Zamu:
Hapana, usiwape wote namba moja. Omba kibali cha maadili kwanza, halafu omba kumbukumbu za mipango iliyovunjika, sio ile iliyofanikiwa tu, na kwa kila mmoja andika sababu. Kipimo cha mwisho kimegoma, mgonjwa kapata homa, mtoaji kaghairi, mgonjwa kapata figo kwingine, hizo ni p tofauti kabisa. Na weka tarehe, maana anayesubiri yuko kwenye mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, mpango ukivunjika baada ya miezi miwili huyo ameshakaa kwenye kile kiti zaidi ya mara ishirini.