Kambi ya kituo Serengeti: Seronera, Ikoma au Lamadi?

MamaPacha: Habari zenu wanajamvi. Tunakusudia kwenda Serengeti kwa siku tatu na kulala katika mahema yetu wenyewe. Ninasita kati ya kambi za umma za Seronera katikati ya hifadhi, kambi za nje ya lango la Ikoma, na Lamadi karibu na lango la Ndabaka, upande wa magharibi. Mwenye gari anataka malipo ya awali Ijumaa. Ipi inafaa kuwa kituo cha kutokea kila siku?

KabwelaWaTurubai: Dada, umeacha yale hasa yanayoamua: mnatoka wapi, mwezi gani, kwa gari gani, na je, mna watoto? Lamadi kwa mtu anayetoka Arusha maana yake ni kuvuka hifadhi nzima ndipo alale.

MzeeWaKaratu: Mimi ningelala Karatu, upande wa Arusha, kisha kambi ya Simba ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Ni takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu huwa umelilowesha hema kana kwamba mvua imenyesha, na tembo huja kunywa maji ya tangi la kambi. Hakuna hifadhi ya taifa yenye kambi kama hiyo.

Nukta: Ngorongoro si hifadhi ya taifa, mzee wangu. Ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959 na ina mamlaka yake, ndiyo maana anayetoka Karatu hulipia kwanza kupita huko, kisha huwalipa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, anapoingia Serengeti.

MzeeWaKaratu: Ahsante kwa somo. Nyumbu hawaujui mpaka huo.

MamaPacha: Nisameheni. Tunatoka Mwanza, wiki ya tatu ya Juni, pamoja na watoto wawili wa miaka tisa. Gari ni Noah.

BintiUkerewe: Kama mna watoto, nisikilizeni. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Kilichozungushiwa wavu ni jiko, na chakula chote kinapaswa kulala humo. Shemeji yangu aliona uvivu kutembea hatua thelathini, akaliacha deli la nyama chini ya meza. Saa nane usiku nilisikia plastiki ikipasuka, nikafungua zipu kiasi cha kupitisha kidole, na tochi ikaangukia macho ya fisi watatu. Walimaliza nyama, wakalamba kopo la samli, kisha wakaondoka na kiatu cha kushoto cha shemeji, ambacho hakijaonekana hadi leo. Mwanangu alikataa kabisa kwenda chooni, tukatumia ndoo mpaka kulipokucha. Tangu hapo mimi ni mtu wa Ikoma.

Nukta: Kosa hilo ni la shemeji, si la Seronera. Anayelala ndani huamkia kwa simba na chui wa Mto Seronera wakati wewe wa Ikoma ungali langoni.

KabwelaWaTurubai: Juni nyumbu kwa kawaida huwa upande wa Mto Grumeti, na hapo Lamadi ina hoja. Lakini kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100, mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na usiku hakuna ruhusa ya kuendesha, kwa hiyo kwenda na kurudi kutaimeza siku nzima. Tena udongo mweusi wa magharibi ukipata mvua ya saa moja tu, Noah itabaki hapo hapo.

MamaPacha: Nimempigia mwenye gari. Anasema Noah yake haiingii hifadhini kwa bei yoyote, na mimi nilidhani anajua tangu mwanzo kwamba tunaingia ndani. Kuna anayemfahamu mwenye Land Cruiser upande wa Bunda au Lamadi? Na je, mlango wa jiko la Seronera una kufuli?

BintiUkerewe: Bebeni lenu.

MzeeWaKaratu: Huku Karatu Land Cruiser zimejaa.

Nukta: Mzee, mama anatoka Mwanza.